Je, Wajua? Ipo saratani ya tumbo inayotibiwa kwa antibayotiki

Je, wajua kwamba ipo saratani ya tumbo ambayo matibabu yake ya kwanza ni antibayotiki? Si kisu, si mionzi, wala si tibakemikali. Mgonjwa anapewa vidonge vya siku 14 hivi, karibu vilevile anavyopewa mwenye vidonda vya tumbo, kisha anapangiwa tarehe ya kurudi. Saratani yenyewe inaitwa limfoma ya MALT. Ikikamatwa mapema, ingali ndani ya ukuta wa ule mfuko unaopokea chakula, zaidi ya wagonjwa 3 katika kila 4 huondokewa nayo kwa dawa hizo pekee.

Tusichanganye mambo tangu mwanzo. Saratani ya tumbo inayojulikana zaidi, ile inayoanzia kwenye utando wa ndani wa tumbo, haiponi kwa antibayotiki, na mtu asikuuzie matumaini hayo. Limfoma ni ugonjwa mwingine. Ni saratani ya limfosaiti, chembe nyeupe za damu zinazotukinga na maradhi. Wengi huijua inapovimbisha tezi za shingoni, kwapani au kinenani. Inapoota nje ya tezi, tumboni ndipo inapoonekana mara nyingi kuliko pengine popote mwilini, ingawa bado ni sehemu ndogo tu ya saratani zote za tumbo.

Je, wajua kwamba tumbo lenye afya halina tishu ya limfu? Utumbo mwembamba umejaa vikundi vya limfosaiti, kwa sababu kila tunachokula hupita humo. Tonsili za kooni nazo zimejaa. Tumbo halina, na asidi yake yenyewe huua vijidudu vingi. Basi wataalamu walikuwa na swali gumu mikononi: limfoma inaotaje mahali ambapo limfosaiti hazina hata makazi?

Jibu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo wanamfahamu kwa kifupi, H. pylori. Mara nyingi humwingia mtu utotoni, kutoka kwa watu wa nyumba moja, na asipotibiwa anaweza kukaa tumboni maisha yote. Mwili unamtambua, unatuma limfosaiti, hazimmalizi, unatuma nyingine. Miaka inapita hivyo, na tumboni hujengeka tishu ya limfu ambayo haikuwapo. Kwa watu wachache mno, ukoo mmoja wa seli B, mojawapo ya aina za limfosaiti, ndani ya tishu hiyo huanza kuzaana bila kikomo. Huo ndio mwanzo wa limfoma ya MALT.

Wachache mno, narudia, maana najua kuna anayesoma hapa akiwa na majibu ya maabara mfukoni na moyo unamwenda mbio. Karibu nusu ya watu duniani wana bakteria huyu au wamewahi kuwa naye, na katika nchi nyingi za Afrika ni zaidi ya nusu ya watu wazima. Wengi wao hawasikii lolote. Kukutwa na H. pylori si kukutwa na saratani.

Wajua bakteria huyu anaishije kwenye asidi? Anatengeneza kwa wingi kimeng'enya kiitwacho ureasi. Ureasi huivunja urea iliyomo tumboni ikawa amonia na kaboni dioksaidi, na amonia hupoza asidi inayomzunguka. Kisha anajichimbia kwenye ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, huku mikia yake myembamba ikimsukuma.

Ureasi hiyohiyo ndiyo inayomtoa mafichoni. Mgonjwa wa endoskopi huwa amefunga kula tangu usiku. Koo linapuliziwa dawa ya ganzi, analala ubavu wa kushoto, na daktari anapitisha mrija laini wenye kamera mpaka tumboni. Akifika, anabana kinyofu cha nyama cha milimita chache na kukitoa. Muuguzi anakichomeka kwenye jeli ya manjano iliyotiwa urea. Kama H. pylori yumo, amonia inatoka na ile manjano inaanza kugeuka waridi, pengine ndani ya dakika chache, pengine baada ya saa kadhaa. Kipimo cha pumzi hufuata kanuni ileile. Unakunywa urea yenye kaboni iliyowekwa alama, unasubiri kidogo, unapuliza kwenye mfuko. Kaboni hiyo ikionekana kwenye pumzi yako, yupo aliyeivunja urea huko ndani.

Je, wajua kwamba bakteria huyu alionekana kwa macho ya mtu aliyekuwa akiadhimisha siku yake ya kuzaliwa? Tarehe 11 Juni 1979, Robin Warren, mwanapatholojia wa Perth, Australia, alitimiza miaka 42. Siku hiyo, chini ya darubini, aliona vijidudu vilivyojikunja juu ya utando wa tumbo lenye uvimbe wa ndani. Vitabu vilisema bakteria hawaishi tumboni. Wenzake hawakumsadiki kwa urahisi. Mwaka 1981 daktari kijana, Barry Marshall, alijiunga naye.

Walijaribu kuwaotesha bakteria hao maabara, sampuli baada ya sampuli, bila mafanikio. Sahani zilikuwa zikitupwa baada ya siku 2. Ilipofika Pasaka ya mwaka 1982, sahani ziliachwa kwenye joto muda wa sikukuu nzima. Waliporudi kazini walikuta bakteria wameota. Kumbe H. pylori ni mzito wa kukua, alihitaji siku za ziada tu. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe. Wiki 2 hazijaisha, alikuwa akitapika asubuhi na vinyofu vya tumbo lake vilionyesha uvimbe. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel.

Hayo yalihusu vidonda. Ya saratani yalikuwa yakitengenezwa kwingine.

Je, wajua kwamba njia ya kuufikia ugunduzi wa limfoma hii inapita Kampala? Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe uliokuwa ukivimbisha taya za watoto wa Uganda kwa kasi ya kutisha. Katika miaka ya 1960 mwanapatholojia mmoja kijana wa Makerere, Dennis Wright, aliketi na vinyofu vya watoto hao chini ya darubini na kueleza seli zake zilivyo. Ugonjwa huo leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Sampuli za Kampala zilikuwa zikisafirishwa kwa ndege hadi London, kwa mtafiti Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba kuna kirusi ndani yake. Mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli mojawapo ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Sampuli ilipomfikia Epstein, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angedhani imeoza akaitupa. Yeye alichukua tone akaliweka chini ya darubini, akaona seli za uvimbe zikielea zikiwa hai. Kutoka kwenye seli hizo, mwaka 1964, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kinachobeba majina ya Epstein na Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Naona fahari kubwa kwamba wazo la maambukizi kuwa nyuma ya limfoma lilipata nguvu kutokana na watoto wa Afrika Mashariki. Tena naona deni, maana watoto wetu bado wanaugua Burkitt.

Na Dennis Wright? Alirudi Uingereza, na mwaka 1983 yeye na Peter Isaacson waliandika makala iliyoeleza aina mpya ya limfoma, ile ya tishu ya limfu iliyo kwenye utando wa viungo. Herufi MALT ni kifupisho cha tishu hiyo kwa Kiingereza. Kabla ya hapo wanapatholojia wengi walikuwa wakiitazama mikusanyiko ya limfosaiti tumboni na kuiita limfoma ya uongo. Mikusanyiko hiyo ilikua polepole, haikusambaa haraka, ndiyo maana hawakuipa uzito wa saratani. Isaacson alishikilia kwamba ni saratani kamili. Alama aliyoielekeza ilionekana wazi chini ya darubini: seli B za uvimbe zikivamia vitezi vya utando wa tumbo na kuvibomoa.

Mwaka 1991 timu ya Isaacson, safari hii akiwa London, ilifungua kabati la sampuli za zamani. Wakiongozwa na Andrew Wotherspoon walichunguza wagonjwa 110 wa limfoma ya MALT ya tumbo. Wagonjwa 101 kati yao walikuwa na H. pylori.

Je, wajua mji mdogo wa Feltre? Uko kaskazini mashariki mwa Italia. Daktari Claudio Doglioni na wenzake waliona limfoma za tumbo zimezidi huko, wakalinganisha na maeneo ya Uingereza. Feltre ilikuwa nazo mara 13 zaidi. H. pylori naye alikuwa ameenea Feltre kuliko Uingereza. Timu za Italia na London zikaunganisha nguvu.

Mwaka 1993 zilitoka habari mbili kwenye jarida la Lancet, na ningependa kila mwanafunzi wa udaktari azisome pamoja.

Ya kwanza ilikuwa ya maabara. Tracy Hussell na wenzake walichukua seli za limfoma kutoka kwa wagonjwa, wakaziweka pamoja na H. pylori waliouawa kwa joto. Seli za wagonjwa 3 zikaanza kuzaana. Kila mgonjwa seli zake ziliitika kwa aina yake ya bakteria, si kwa yoyote tu. Kisha watafiti wakaziondoa seli T, aina nyingine ya limfosaiti, zilizokuwa zimechanganyika na zile za uvimbe. Kuzaana kukakoma. Maana yake ni kwamba bakteria hachochei saratani moja kwa moja. Anaziamsha seli T, na seli T ndizo zinazoipa seli B ya saratani ishara ya kukua. Saratani hii katika hatua za mwanzo ni moto ambao bado unategemea kuni za mtu mwingine. Ondoa kuni, na moto hauna pa kwenda.

Ya pili ilikuwa ya wagonjwa, nao walikuwa 6 tu. Walipewa antibayotiki, bakteria wakaisha kwa wote 6. Kwa 5 kati yao vinyofu vilivyofuata havikuonyesha tena limfoma. Hapo kabla, tiba ya kawaida ilikuwa kukata tumbo, sehemu au lote, na mtu aliyetolewa tumbo hula kidogo kidogo siku zake zote na huhitaji sindano za vitamini B12 maishani. Watu 5 walibaki na matumbo yao.

Waliopinga walipinga kwa hoja ya haki: kama imeondoka kwa antibayotiki, je, ilikuwa saratani kweli, au ni uvimbe wa kawaida wa maambukizi? Jibu lilitoka kwenye jeni. Uvimbe wa maambukizi huwa na seli B za koo nyingi mchanganyiko. Saratani huwa na ukoo mmoja, watoto wa seli moja. Vinyofu vya wagonjwa hao vilikuwa na ukoo mmoja kabla ya dawa. Wengine waliendelea kubishana miaka kadhaa, kisha takwimu zikawa nyingi mno kupuuzwa.

Takwimu zenyewe ni hizi. Mwaka 2010 watafiti wa Italia walijumlisha tafiti 32 zenye wagonjwa 1,408 waliokuwa katika hatua za mwanzo. Limfoma iliondoka kwa asilimia 77.5. Iliyorudi baadaye ilikuwa asilimia 7 hivi. Mwaka 2012 Wajapani walitoa taarifa ya wagonjwa 420 kutoka hospitali mbalimbali nchini mwao. Asilimia 77 waliitikia, na makadirio ya waliokuwa hai baada ya miaka 10 yalifika asilimia 95. Ni saratani ngapi zinazoweza kuleta hesabu kama hiyo kwa vidonge?

Wajua pia kwamba damu iliyohifadhiwa miaka mingi ilitoa ushahidi? Mwaka 1994 Julie Parsonnet na wenzake walichukua damu iliyowahi kuwekwa akiba kutoka kwa watu waliokuja kuugua limfoma ya tumbo miaka mingi baadaye. Walioambukizwa H. pylori walikuwa na hatari ipatayo mara 6 ya wasioambukizwa. Maambukizi yalitangulia, saratani ikafuata. Mwaka huohuo shirika la Umoja wa Mataifa linalotafiti saratani lilimworodhesha H. pylori katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Je, wajua kwamba dalili zake hazina jambo la pekee? Kiungulia, maumivu ya chembe ya moyo, tumbo kujaa upesi, kichefuchefu. Mtu hula magadi, hununua omeprazoli dukani, hupata nafuu, maisha yanaendelea. Zipo dalili zisizofaa kusubiri: kukonda bila sababu, kutapika damu, choo cheusi tii, kupungukiwa damu, chakula kukwama au kutapika kila mara. Mwenye hizo anahitaji endoskopi, si chupa nyingine ya dawa ya maji.

Ninayo sababu ya kusisitiza endoskopi kabla ya vidonge. Anayekunywa antibayotiki za kubahatisha kabla ya kupimwa huwaficha bakteria wasionekane, na omeprazoli na jamaa zake hufanya vivyo hivyo. Kinyofu kikichukuliwa wakati huo kinaweza kusema hakuna bakteria kumbe wapo, na uvimbe unaweza kuwa umenywea nusu ukampoteza hata mwanapatholojia mzoefu. Vinyofu vyenyewe huchukuliwa vingi, 10 au zaidi kutoka penye doa na vingine kutoka sehemu mbalimbali za tumbo, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kujificha mahali ambapo utando unaonekana mzima.

Kipimo cha damu cha H. pylori je? Kile cha tone la kidole, jibu dakika chache, kipo kila kona. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kwisha. Kwa hiyo hakiwezi kukuambia kama umepona. Watu wangapi wamemeza dozi ya tatu na ya nne kwa sababu ya kipimo hicho? Kuthibitisha kupona kunahitaji kipimo cha pumzi au cha kinyesi kinachotafuta bakteria mwenyewe. Kifanyike angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na wiki 2 baada ya kuacha dawa ya asidi.

Na dozi yenyewe? Mara nyingi ni dawa ya asidi, amoksilini na klarithromisini, au mseto wa dawa 4: dawa ya asidi, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli. Uchaguzi hutegemea usugu wa bakteria katika eneo husika, na barani Afrika usugu wa metronidazoli umeenea sana. Ni vidonge vingi kwa siku, mdomo unakuwa mchungu, wengine wanaharisha. Bismathi huufanya ulimi na choo kuwa cheusi. Mgonjwa aambiwe mapema, maana wapo walioshtuka wakidhani ni damu wakakatiza dawa. Anayekatiza siku ya 5 humwachia bakteria nafasi ya kuizoea dawa, na kwa mwenye limfoma hiyo ni kuiachia saratani tegemeo lake.

Je, wajua kwamba kazi ngumu kuliko zote ni kusubiri? Bakteria huisha kwa wiki 2, lakini limfoma huyeyuka kwa mwendo wake. Kwa wengine miezi 3, kwa wengine mwaka, na wapo ambao imechukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Miongozo inawashauri madaktari wasikimbilie mionzi wala tibakemikali kama bakteria ameisha na ugonjwa hauendelei. Endoskopi hurudiwa kila baada ya miezi michache, vinyofu vinasomwa, na subira inaweza kufika hadi miezi 24. Fikiria kumwambia mama mwenye watoto kwamba ana saratani, na mpango ni kumeza vidonge kisha kungoja. Daktari anayeweza kulieleza hilo vizuri, kwa lugha ya mgonjwa na bila haraka, ana mchango mkubwa katika tiba hii.

Wapo ambao hawaitiki. Kwa takriban robo ya wagonjwa, kipande cha kromosomu ya 11 kimebadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 18. Mabadiliko hayo huunganisha jeni mbili, na protini inayotokana nazo huiamuru seli iendelee kuishi hata kama seli T zimenyamaza. Saratani ya namna hiyo haihitaji tena bakteria. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba wenye mabadiliko haya wengi wao hawapati nafuu kwa antibayotiki. Kina nacho kina neno: limfoma iliyozama kwenye misuli ya tumbo huitika kidogo kuliko iliyo juu juu, na kina hicho hupimwa kwa endoskopi yenye mawimbi ya sauti.

Kwa hao njia haijafungwa. Mionzi ya kiasi kidogo, grei (Gy) 24 hadi 30, inayoelekezwa tumboni huudhibiti ugonjwa kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Ipo pia rituksimabu, kingamwili ya maabara inayozilenga seli B. Kisu kimebaki kwa dharura, kama tumbo kutoboka au damu isiyokatika.

Wajua kwamba hata wasiokutwa na H. pylori hupewa vidonge? Wachache wao huitika. Pengine vipimo vilimkosa bakteria, pengine ni ndugu yake, Helicobacter heilmannii, anayetoka kwa wanyama kama nguruwe, mbwa na paka.

Na aliyepona haachiliwi aende zake moja kwa moja. Kwa baadhi yao, kipimo cha jeni huendelea kuona mabaki ya ule ukoo mmoja wa seli miaka mingi baada ya darubini kusema tumbo ni safi, na wengi wao hawaugui tena. Zaidi ya hapo, tumbo lililokaa na H. pylori muda mrefu lina hatari kubwa zaidi ya kupata ile saratani nyingine, ya utando. Endoskopi za mara kwa mara huwinda zote mbili.

Je, wajua kwamba H. pylori ni mwenzetu wa safari ya kale? Mwaka 2007 wanasayansi walilinganisha jeni za bakteria hawa kutoka kila bara. Waliona kwamba kadiri unavyokwenda mbali na Afrika Mashariki ndivyo utofauti wa jeni unavyopungua, jinsi ilivyo kwa jeni za binadamu mwenyewe. Walikadiria kwamba bakteria huyu alitoka Afrika Mashariki pamoja na watu miaka ipatayo 58,000 iliyopita. Ötzi, mtu aliyekutwa ameganda kwenye barafu ya milima ya Alpi, aliyekufa miaka 5,300 iliyopita, alikuwa naye tumboni.

Na je, tumbo ni peke yake? Hapana. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa walimkuta bakteria Campylobacter jejuni kwenye limfoma ya utumbo mwembamba inayoonekana zaidi Mashariki ya Kati na kandokando ya Bahari ya Mediterania, na ambayo mapema huweza kutibiwa kwa antibayotiki. Mwaka huohuo watafiti wa Italia walihusisha limfoma ya sehemu zinazozunguka jicho na Chlamydia psittaci, bakteria wa ndege, wakaanza kuitibu kwa doksisaiklini. Hiyo ya jicho matokeo yake yamekuwa yakitofautiana nchi na nchi.

Ila ushahidi unaonivutia kuliko wote ulitoka Paris mwaka 2002, na safari hii mhusika alikuwa kirusi. Olivier Hermine na wenzake waliwatibu kwa interferoni wagonjwa 9 wenye limfoma ya bandama ambao pia walikuwa na homa ya ini aina ya C. Kwa wagonjwa 7 kirusi kilitoweka kwenye damu na limfoma ikaondoka pamoja nacho. Mmoja wao kirusi kilimrudia, na limfoma nayo ikarudi. Wagonjwa wengine 6 wenye limfoma ileile, lakini wasio na kirusi hicho, walipewa dawa hiyohiyo. Hakuna hata mmoja aliyeitika.